Kengele Shingoni mwa Mbwa wa Mama

Kuchagua mnyama ni kazi niliyoijua kabla sijajua kuandika jina langu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mnadani hajatokea mtu wa kuniuzia ng'ombe mgonjwa. Natazama anavyonyanyua miguu, namfungua mdomo, napitisha mkono mgongoni, basi. Kwa macho haya nimejenga nyumba yenye geti la chuma hapa Bariadi, na mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba ambayo ikiwashwa mtaa mzima unajua kumekucha. Mtasema najisifu. Semeni. Mimi nataka tu mwelewe kwamba mnyama aliyenitia hofu kuliko wote niliowahi kununua alikuwa na uzito wa mitetea wawili, na nilimchagua mwenyewe, kwa makini, bila kukosea hata kidogo.

Nilimchagua kwa ajili ya mama yangu.

Mama nilimtoa kijijini, upande wa Zagayu, mara tu nyumba ilipopauliwa. Watu niliwaambia kwamba mama wa mtu kama mimi hapulizi moto. Wakanisifu, nikazipokea sifa. Sababu ya kweli sikumwambia hata mke wangu.

Tulikuwa msibani. Jirani alikuwa amefiwa na mtoto. Mama akapita mbele ya wanaume na kikombe chake cha uji, akitafuta njia kwa mguu kwa sababu macho yalikuwa yameanza kufifia. Mwanaume mmoja akamtazama mpaka akapita, kisha akasema taratibu, kama anayesema mvua imechelewa, "Macho ya mayu siku hizi yamekuwa mekundu." Mayu ndivyo tunavyomwita mama. Hakuna aliyemjibu.

Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa sababu kwetu kuni ni za shida. Tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na mwanamke aliyepuliza moshi ule miaka sitini hawezi kuwa na macho ya bibi harusi. Kila mtu pale alilijua hilo. Lakini kila mtu alijua na lile lingine, kwamba mtoto akifa ghafla, yupo atakayekumbuka macho ya bibi kizee fulani na kumwita mchawi.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, kulikuwa na bibi wa kaya ya pili kutoka kwetu mwenye macho kama hayo. Alikuwa akitupa michembe, viazi vilivyokaushwa, tukirudi machungani. Asubuhi moja tukaambiwa tusipite kwake. Mimi nikapita. Niliona mlango wake umelala chini, na kandambili moja. Zaidi ya hapo sitaandika. Kilichonikaa moyoni mpaka leo ni kwamba wakubwa walisema "nduhu mhayo", hakuna neno, wakafungua zizi, wakatoa ng'ombe kama siku zote.

Ndiyo maana nilipojenga, niliujenga ukuta kwanza, nyumba baadaye.

Sasa mama akawa salama, na akaanza kufa kwa njia nyingine. Mke wangu ana duka Lagangabilili, anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Watoto wako bweni. Mimi niko mashineni. Mama akabaki na ukuta. Akawa anakaa kwenye kiti uani, ugali anaumega mara tatu, anausogeza. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta anaongea na ndoo.

"Mama, unaongea na nani?"

"Kijijini hata mbuzi walikuwa wananijua," akasema. "Hapa nimeona niijaribu ndoo."

Kwanza nilileta mbwa mkubwa wa Kijerumani, wa kuvutia kila mpita njia. Alimrukia mama kwa furaha, mama akaishia kushikilia nguzo ya baraza. Siku hiyo hiyo nikamrudisha. Halafu nilikwenda Mwanza kumwona mfanyabiashara mwenzangu wa mafuta, nikamkuta mama mkwe wake amelala kwenye kochi na kimbwa kidogo mapajani. Bibi yule alikuwa anatabasamu usingizini. Sikumbuki tuliongea nini kuhusu mafuta.

Nikaelekezwa kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayefuga mbwa wadogo wa mbegu za nje, nyumba yake imekaa juu ya mawe. Akawa ananitolea mmoja mmoja kama anayetoa vyombo vya wageni kabatini.

Wa kwanza chiwawa. Masikio makubwa, miguu kama njiti, anatetemeka.

"Ana homa?"

"Hana. Ndivyo walivyo."

"Mama yangu atakuwa anamfunika blanketi kutwa. Halafu mguu huu akiukanyaga mara moja tu, umekwisha."

Wa pili alikuwa na pua iliyobonyea, anakoroma akiwa amesimama. Nikauliza habari za jua. Akasema jua kali halimfai. Nikafikiria Bariadi mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, nikamrudisha. Wa tatu pudo, kichwani ana akili kuliko vibarua wangu wengine, alinifungua kamba za kiatu huku namtazama. Lakini alikuwa mtoto bado, anaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, na mtu mwenye macho hafifu humpi mnyama wa kukimbizana naye.

Wa nne hakuletwa. Alikuwa amelala chini ya kiti changu muda wote. Maltizi, jike, mweupe pe, ameshazaa mara mbili na sasa amepumzishwa. Nikamnyanyua, nikamfungua mdomo.

"Baba," yule mama akasema, "unanunua mbwa au fahali?"

"Meno hayadanganyi."

"Mbona hao wengine hukuwaangalia meno?"

"Hao niliwakataa kwa miguu."

Akacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu zangu. Mweupe, maana yake mama atamwona kwenye sakafu yangu nyekundu. Mtu mzima, maana yake ametulia. Manyoya yakipunguzwa, joto atalistahimili. Na nikaongeza akili yangu mwenyewe: nitamfunga kengele shingoni, mama awe anasikia alipo asimkanyage. Mpaka hapo nionyesheni kosa.

"Jambo moja," yule mama akasema. "Macho yake yanatoa machozi, yanaacha michirizi myekundu hapa chini. Si ugonjwa, mbegu yenyewe ndivyo ilivyo. Umfute kila siku kwa maji yaliyochemshwa. Na mama mwenyewe umemuuliza kama anataka mbwa?"

"Mama yangu haulizwi, analetewa."

Ile habari ya machozi niliisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mimi, niliyemkimbiza mama kutoka kijijini kwa sababu ya macho mekundu, nikalipia macho mengine mekundu na kwenda kuyaweka mapajani mwake.

Nilipomfikisha, mama alimpapasa mgongo, masikio, mkia.

"Hiki ni kitoto cha kondoo?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa wa kufanya nini?"

"Wa kukaa na wewe."

"Kazi yake ni hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Basi tunafanana," akasema.

Jina alikataa kumpa. Alimwita "bhebhe", yaani wewe, na yule mbwa akaitika. Wiki haikuisha mama akawa anamaliza ugali. Alimsimulia kwa Kisukuma, kutwa nzima, habari za ng'ombe waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na yule mbwa alisikiliza kuliko mimi nilivyowahi kusikiliza. Kengele ikawa inalia, chumbani, barazani, uani. Nilijiona nimemaliza.

Siku ya mnada tulikaa kula nyama, mimi na wafanyabiashara wenzangu, watu ninaowajua tangu tukinunua ng'ombe kwa miguu.

"Tajiri, tumesikia umefuata mbwa Mwanza."

"Nimefuata."

"Ana ukubwa gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Meza ikalipuka.

"Huyo si mbwa, hiyo ni soksi!"

"Panya wa ghalani kwangu watamwita mdogo wao!"

Mimi kuchekwa siwezi. Ni ugonjwa wangu, nimezaliwa nao. "Chekeni tu," nikasema. "Tangu yule aingie kwangu, mashine haijalala. Nyinyi fugeni mijibwa ya makombo. Wangu anakula kabla yangu, na anajua anachonilipa."

Kicheko kilikatika kama injini iliyoishiwa mafuta. Mzee mmoja akafuta kisu chake kwenye suruali, akasema, "Kumbe." Neno moja tu.

Kwetu mtu asiyesoma akitajirika, watu hutafuta kilicho nyuma yake. Wanaita ndagu. Ni dawa ya utajiri kutoka kwa mganga, na ina masharti: mmoja anaambiwa asioge, mwingine afuge nyoka, mwingine atunze mnyama ndani na kumlisha kabla yeye hajala. Na ndagu, wanasema, siku moja hudai damu. Haya niliyajua tangu nikiwa nanyonya. Lakini kwa kutaka kushinda utani, nilimweleza mbwa wa mama yangu kwa maneno yale yale.

Hazikupita wiki tatu, mashine ilimkata mfanyakazi wangu vidole viwili. Mkanda ulimvuta. Nilimbeba mwenyewe kwenye gari mpaka hospitali, damu ikanilowesha suruali, na wakati namshusha nikaona watu wanatazama suruali yangu, si mkono wake.

Kisha mama mmoja aliyekuwa akitufulia nguo akaja kuaga. Alisimama nje ya geti, hakutaka kuingia.

"Baba, mimi sitakuja tena. Nina watoto."

"Watoto wanahusikaje na kufua?"

Akatazama chini. "Watu wanasema."

"Wanasemaje? Sema, mimi simpigi mtu."

"Wanasema yule mbwa si mbwa. Mweupe kama sanda. Anavaa njuga kama za mganga. Mfupa hali. Analia damu, na bibi naye macho ni yale yale." Akashusha sauti. "Wanasema wewe ni mtoto tu. Mwenye kuitunza ndagu ni bibi. Wanasema kijijini alishasemwa, ndiyo maana ulimhamisha."

Nilishika chuma cha geti. Kilikuwa cha moto kwa jua na sikukiachia. Maneno ya msibani yalikuwa yametembea na kufika mjini bila gari. Na mimi ndiye niliyeyafungulia mlango, kwa mdomo, mbele ya nyama.

Nitawaambia hofu ya mtu kama mimi ikoje, maana sikuwahi kuisema. Nilianza kurudi nyumbani mara nne kwa siku nikisingizia nimesahau simu. Nikaongeza kufuli. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na ukuta, mgongo wangu ulilowa. Chakula kikawa hakina ladha. Mke wangu akaniuliza kama nina presha, nikamfokea. Nilimtazama mama akimfuta mbwa machozi kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, bibi mwenye macho mekundu ameinamia mnyama mwenye macho mekundu, na mimi, mwanawe, kwa sekunde moja nikawaona kama watu wanavyowaona. Sekunde hiyo sijaisamehe.

Saa nane ya mchana, siku nyingine, nilikuta mwanaume nisiyemjua amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma.

"Mwadila," nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Eti hapa ndipo kwa yule bibi wa mbwa?"

"Unamtaka wa nini?"

"Nauliza tu," akasema, akaondoka taratibu, bila kugeuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Ningempenda zaidi angekimbia.

Kesho yake asubuhi nilichukua kapu, nikamtia mbwa ndani. Nilishaamua: namrudisha Mwanza, maneno yatakufa. Kengele ililia kapuni, mama akatokea mlangoni akipapasa fremu.

"Unampeleka wapi?"

"Kutibiwa."

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "mimi macho ndiyo yamefifia. Masikio ninayo."

Nikafunika kapu.

"Kijijini ulinitoa kwa sababu ya macho yangu. Unadhani sikumsikia yule mtu msibani? Nilikuwa na kikombe mkononi, nikamsikia. Nikasema mwanangu anaogopa, ngoja nimfuate. Leo unamtoa huyu kwa macho yake. Akishatoka huyu, wakaja tena, utamtoa nani?"

"Mama, wanasema mabaya."

"Ukinifungia ndani wanasema nimefichwa. Mtu aliyefichwa ndiye anayeogopwa. Yule bibi aliyekuwa anawapa michembe, miaka mitatu watoto wake walimwambia asitoke nje ya kaya."

Hilo nilikuwa silijui. Nikakaa kwenye ngazi, kapu mapajani. Wakati huo gari la matangazo lilikuwa linapita barabarani likipiga kelele za kuhimiza watu wapeleke mbwa wao kwenye chanjo ya kichaa, uwanjani, bure, leo mpaka saa sita.

"Huyu amechanjwa?" mama akauliza.

"Hajachanjwa hapa."

"Basi nipe fimbo yangu."

Nilimkatalia. Nilimkatalia mara tatu. Wakati namkatalia alikuwa ameshavaa viatu.

Uwanjani kulikuwa na mistari ya watu na mbwa wao, kamba za katani, minyororo ya baiskeli, mbwa wa machungani wenye makovu. Tuliposhuka kwenye gari, mama akiwa amemkumbatia mbwa kifuani na kengele inalia kila hatua, mstari ulifunguka wenyewe. Hakuna aliyetusukuma. Walirudi nyuma tu, hatua mbili, tatu, mpaka tukawa tumesimama peke yetu kwenye udongo mtupu. Kimya kile nilikijua. Ni cha asubuhi ile ya kandambili. Nikamtafuta yule wa ng'ambo ya barabara, na nikamwona, mikono nyuma.

"Mwangaluka," mama akasalimia, kwa sauti, kuelekea asikoona. Wachache waliitika, kwa mazoea.

Afisa mifugo, dada mmoja mwenye gambuti, akatuita mbele. "Bibi, mshike vizuri kichwa."

Sindano ilipoingia, yule mbwa alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa ng'ombe wala mtu, halafu akakojoa. Alimlowesha mama, akanilowesha mimi shati jeupe la kitajiri, akamlowesha na afisa mkono.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Jamani, ndagu imejikojolea!"

Wakacheka. Si wote. Nilihesabu nyuso ambazo hazikucheka, na zilitosha.

Afisa akamgeuza mbwa uso. "Haya machozi ni mbegu yao," akasema, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kubweka. "Mnafuta hivi hivi, ni sawa. Ila wewe bibi, macho yako hayo ni moshi na uzee, yana dawa. Baba, umempeleka mama hospitali ya macho?"

Nilikuwa nimempelekea mbwa. Hospitali sikuwahi kumpeleka. Nyuso zote zikanigeukia.

Hapo ndipo nilipomwona mfanyakazi wangu, mkono umefungwa bandeji, ameshika kamba ya mbwa wake kwa mkono wa pili. Alikuwa ananitazama. Hakusema kitu, na najua kwa nini: anakula kwangu. Nikajua kwamba nikinyamaza, damu yake itabaki kuwa ya ndagu, na ndagu itabaki kuwa ya mama.

Mimi nimeongea mbele ya watu mara nyingi, nikijisifu. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama gunia la mashudu.

"Sikilizeni," nikasema. "Vidole vya huyu ndugu vilikatwa na mkanda. Mkanda una kava lake. Kava nililitoa mimi, kwa sababu lilikuwa linachelewesha kazi. Alinikumbusha mara mbili, nikamwambia mwoga. Muulizeni."

"Mara tatu," mfanyakazi akasema.

"Mara tatu. Na mnadani nilisema uongo kuhusu huyu mbwa kwa sababu mlinicheka. Na miaka yote nawaambia nilianza na mikono mitupu. Uongo. Mama huyu aliuza mitamba wake wawili, wa mwisho, akanipa. Ndagu yangu ni hiyo. Mitamba wawili wa mama na mkanda usio na kava. Mwenye neno aje kwangu mimi. Mama yangu aacheni."

Nilikuwa nanuka mkojo. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mzee wa kisu alikuwepo na dume lake la mbwa, akanitazama kwa muda, akasema, "Mitamba wale nawakumbuka. Mmoja alikuwa na baka shingoni." Kisha akamsogeza mbwa wake kwenye mstari, karibu na mama, na mstari ukajifunga polepole. Nilipotazama tena ng'ambo, yule wa mikono nyuma hakuwepo. Ameridhika au amekwenda kusubiri, mpaka leo sijui.

Kava limerudi kwenye mkanda. Mfanyakazi nimempa kazi ya mizani, na ananikumbusha mambo kwa sauti kubwa sasa. Mama ameanza dawa ya macho. Geti mchana liko wazi, kwa amri yake, na yeye anakaa pale kwenye kiti na mbwa wake, anasalimia kila sauti inayopita. Watu wengi wanaitika. Kuna wachache wanavuka barabara kabla hawajafika, na hao mama hawaoni. Nawaona mimi.

Mke wangu alishauri tuivue ile kengele, tupunguze maneno. Mama alikataa, anataka ajue mwenzake yuko wapi. Nami nikaunga mkono, nikajifanya ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba kila niwapo nyumbani sikio langu liko kwenye kengele hiyo. Ikilia, mbwa anatembea, na mbwa akitembea mama anamwita. Ikinyamaza muda mrefu, naweka kijiko chini, nainuka, naenda getini kutazama.